Z Nne

Risasi haikumuua mtu kiwandani kwetu Łódź,
ila polepole.
Ndiyo maana kila zamu tulipewa nusu lita ya maziwa,
ati yanaosha tumbo.
Zdzisław Brzozowski yake alimpa paka wa ghala.
Paka akaishi miaka kumi na tisa.

Kiwanda cha Chapa Namba Nne:
lebo za uzi, tiketi za tramu, ankara za mafundi bomba,
na matangazo ya vifo ya kubandika ukutani.
Hayo hayakupanga foleni.
Aliyekufa Jumatatu alihitaji ukuta kabla ya Jumanne.

Kazi yangu ilikuwa kuhesabu karatasi.
Napepea rimu kama mchanganya karata,
tano tano, kidole kimevishwa mpira,
na hadi leo nikipanga sahani mezani
midomo hucheza.

Zdzisław alipanga herufi.
Alizisoma kichwa chini miguu juu
upesi kuliko mimi nilivyozisoma zimesimama.
Barua za mkewe, alituapia, alizigeuza kwanza
ndipo akazielewa. Mkewe alikana.

Lugha yetu inakula z kama nondo alavyo sufu.
Droo yake ndiyo iliyotangulia kulia njaa.
"Nikifa," alisema, "mtaazima Kiwanda Namba Mbili.
Jina langu peke yake lina nne."

Kupiga chapa: zamani neno lilikuwa na haki yake.
Mashine ilipiga kweli, sakafu ikaitikia,
kikombe cha chai kikatembea mezani bila mwenyewe.
Ukipapasa mgongo wa karatasi
unakuta kovu la kila neno.
Ikaja ofseti. Haipigi, hupaka:
bati jembamba, mpira laini, maji yakigombana na mafuta.
Tulipapasa. Hakuna kitu.
Tukatazamana kama watu waliopewa mkono wenye glavu.
Kisha skrini, na kijana Radosław
akipanga kurasa huku amekaa.
Hilo ndilo lililotuuma: kukaa.

Mwaka ule herufi ziliuzwa kwa kilo.
Zdzisław alizibeba mwenyewe hadi kwenye mizani,
ndoo kwa ndoo,
akadai risiti.

Tangazo lake lilitoka kwenye kompyuta,
jina kwa herufi kubwa, z zote nne.
Zingehitajika milioni, zingekuja milioni,
wala hakuna ambaye angetumwa kuazima.
Nilihesabu nakala: zilizoagizwa ishirini na tano,
zilizotoka ishirini na sita.
Moja ninayo.

Juzi, sokoni kwa vitu vikuukuu,
droo ya herufi inauzwa ya kutundika ukutani,
pambo la kuwekea vijikombe na vifungo.
Kwenye kijumba kimoja, vumbi na herufi iliyosahauliwa.
Muuzaji akailaza kiganjani.
"Hii ni N," akasema.
Dole gumba langu lilikwisha kuuona mfuo wa ubavuni,
ule unaomwambia mpangaji chini ni wapi.
Sikubishana.
Nikalipa bei ya N.