Salio la Pembetatu

Nimehesabu mara ya tatu, Mwanaheri,
na bado linabaki.
Saa saba usiku, Barabara ya Kumi na Nne,
umeme umekatika, feni imenyamaza,
nawe umelala, mkono wa kushoto unaning'inia nje ya kitanda
kama bado unapima mchele.

Pale Mgandini kila muuzaji ana kopo lake.
La Mama Sekiteke limebonyea kitako,
lako lilikuwa la maziwa ya unga,
la yule kijana wa Pongwe ni jembamba kwa makusudi.
Mteja halalamiki, mradi anajua:
kutoka meza hii kwenda ile, ongeza konzi,
kutoka ile kuja kwako, punguza vidole viwili.
Konzi hiyo, vidole hivyo viwili,
ndivyo tunavyoviita nuru.
Sikutanii. Taa yetu, siku ikiwaka,
ni konzi inayosafiri baina ya meza na meza
ili kila mtu abaki na kopo lake
na hesabu isiharibike.

Ukishuka chini kabisa, mambo hayagawiki kwa starehe.
Ni kama Ngamiani:
ipo ya kumi na tatu, ipo ya kumi na nne,
hakuna anayekaa ya kumi na tatu na nusu,
hata amhonge nani serikali ya mtaa.

Na ukijumlisha yote yanayoweza kutokea
jumla haina mwisho.
Basi tunafanya kama fundi Hoza na kibaraza chetu:
alipigilia mbao, akamwaga zege, akangoja,
siku ya saba akazing'oa.
Zege likasimama. Mbao zikawa kuni.
Nani aliuliza zilikuwa za mti gani?

Safari hii nilipozing'oa
alama ilibaki kwenye zege.

Pembetatu tu.
Pembe mbili nuru, na ya tatu
ule ulinganifu wa kushoto na kulia
ambao karatasi ya kwanza iliapa hautavunjika.
Nimebadili mbao: alama ileile.
Nimesogeza mwanzo wa hesabu:
salio likahama pembe,
halikutoka.

Jana ulipita na sufuria, ukachungulia,
"Kwani umeanzia wapi kuhesabu?"
Nikakucheka.
Kumbe ndilo swali lenyewe.
Gunia lenye kitako, anzia juu, anzia chini, jibu moja.
Gunia lisilo na kitako,
ukisogeza mkono, jibu linasogea nawe.

Bibi alikufunga mkono huo kwa kanga
ujifunze kulia.
Asingeniamini nikimwambia ipo nguvu moja, hafifu,
inayowasalimu mashoto peke yao.
Huko salio ni balaa: likibaki hata chembe
hakuna hesabu itakayosimama.
Nikawaandika wote wanaodaiwa.
Elektroni: deni moja zima.
Kwaki wa juu: theluthi mbili mkononi.
Kwaki wa chini: deni la theluthi.
Hao wawili wakichanga, inabaki theluthi,
nao wapo kwa rangi tatu.
Theluthi, theluthi, theluthi.
Moja kwa deni moja.
Sifuri.

Niliweka kalamu nikanywa maji.
Nani aliwaambia wadhaminiane,
watu wasiokula sahani moja?

Lakini hili langu la usiku huu halina mdhamini.
Nimeacha kulitafutia.
Ipo chembe nyepesi inayokufa upesi, ikawa miale miwili,
kwa sababu ya salio hili hili;
hesabu ingekaa sawa, ingesitasita.

Kesho watu wa vipimo wanakuja sokoni
na mawe yao ya mizani.
Usilifiche kopo lako chini ya gunia kama mwaka jana.
Waonyeshe konzi.