Mwisho Ijumaa

Barua imebandikwa ofisini, shule yetu ya Pongwe,
chini ya ratiba ya zamu,
juu ya orodha ya madeni ya chai:
asiyechanja asishike chaki.
Mwisho Ijumaa. Muhuri umekaa upande.

Sindano siiogopi. Nina kovu begani tangu uchanga,
duara, kama alama ya kikombe mezani.
Ninachoogopa ni zile asi mbili,
zimeingia bila hodi,
zimekalia kiti changu.

Mwaka juzi nililipanga Darasa la Nne mstarini,
nikamshika Nakijwa mkono, nikamwambia haiumi.
Iliuma. Alinitazama
kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu.

Leo ni mimi, benchi la zahanati,
harufu ya mkonge mbichi toka kiwandani.
Nesi anauliza: kwa hiari?
Kalamu inasita juu ya kisanduku.
Nyuma yangu kuna anayebana kicheko.
Nakijwa. Kamleta mdogo wake kliniki.
"Haiumi, Mwalimu,"
kwa uso mkavu kabisa.

Nikakunja mkono wa gauni.

Iliuma.
Na kile kisanduku
nimekiacha kitupu.