Kuoanisha

Teuvo alipohamia ghorofa ya tatu, juu yangu hasa
(nyumba ilikuwa wazi, na mtoto asivuke barabara),
alibeba mtambo wa gemu, runinga kubwa, birika,
nusu ya vijiko.
Akaacha padi moja ya gemu, nyeusi.
Kidole gumba chake kimeulamba mpira wa kulia
miaka saba, mpaka umebaki laini kama kipara.

Kemi, Januari. Jua huchungulia saa tano,
likaaga saa nane.
Mimi huendesha greda la theluji tangu saa tisa za usiku;
narudi mikono bado inanguruma,
na Oiva, miaka tisa, soksi hazifanani,
ananiuliza sijavua hata buti:
"Hii itashika kwenye nini?"

Tukaanza na simu.
Bonyeza hapa na pale, shikilia, hesabu mpaka tano.
Taa ikapepesa upesiupesi
kama mchumba aliyesikia mlango ukigongwa.
"Oanisha?" simu ikauliza.
Neno gani hilo la kumwuliza mwanamke
mwenye barua ya mahakama juu ya friji.
Nikajibu ndiyo. Ikashika.
Kigari chekundu kikakimbia ndani ya kiganja,
kidogo hata Oiva akakisogeza puani.

Kompyuta ya kazini ikakataa: ilitaka waya.
Tukaupata kwenye droo ya betri na mishumaa,
waya wa kuchaji tu, wa kulisha bila kusema.
Nimewahi kula meza moja na waya wa namna hiyo.
Wa pili, wa dukani kwa Hilkka, yuro sita, ukasema,
lakini ruka ikawa piga, piga ikawa simama,
na Oiva akafa mara kumi na moja kwa furaha.
Runinga ndogo ya jikoni ikaitambua padi,
ikaliandika jina lake lote, herufi kwa herufi,
kisha isifanye lolote,
kama jamaa wa mbali mazishini.

Jumanne usiku Oiva akabonyeza kitufe cha katikati
mara mbili, kwa kusahau,
au si kwa kusahau.
Juu yetu: ting.
Tukasikia feni ikivuta pumzi,
muziki wa kukaribisha, nyayo, ngazi,
kisha hodi.
Teuvo mlangoni, na suruali yake ya ndani ya baridi:
"Kuna mtu ananiwashia gemu."

Kumbe hatukuipa talaka.
Unaweza kuiposea simu, ukaiposea kompyuta,
ikaitika, ikatumika, ikalala;
ukiigusa vibaya usingizini
inaita jina la kwanza,
na zege lote la sakafu kwake ni pazia.
Haijui eda. Haijui mwanasheria.
Teuvo akanionyesha tundu mgongoni mwake, jicho la sindano:
"Chomeka pini, hesabu mpaka kumi,
itasahau kila kitu."
Nikaleta pini. Nikaiweka mezani.
Ipo mezani.

Alhamisi ni zamu ya baba.
Oiva yuko juu na padi mpya,
mimi chini kwenye kochi, taa nimezima,
nina hii ya kipara. Sina kioo, sina picha,
nina dari.
Mchezaji wa pili.
"Kushoto, mama!" sauti inashuka na bomba la radieta,
"Kushoto! Sasa ruka! Ruka!"
Naruka. Sijui juu ya nini.
Padi inanitetemekea viganjani:
nimegonga kitu, au nimefika.
Juu wanacheka, sauti mbili, moja nzito.
Gumba langu liko pale alipopalamba,
nalikandamiza kwenda mbele,
sikio kwenye bomba.