Vyombo Alivyovifuta

Kaunas, Februari. Mto Nemunas umeganda kingo tu,
katikati bado unapita, mweusi, ukinung'unika.
Skaistė ana penseli, na ufutio uliolika upande.
Juu ya ukurasa: Konserto ya Viola.
Chini yake vyombo, kama orodha ya wageni wa arusi
ambayo nusu yake haitapata kadi.

Fidla za kwanza, kumi na nne: amezifuta.
Fidla za pili nazo.
Usiku Rimgaudas, mpigaji wake, akapiga simu:
"Unajua watatuchukia?"
"Wapewe likizo ya mshahara, watulie."

Viola ina kifua, haina koo.
Iweke kati ya fidla, ni kumnong'oneza mtu mnadani:
midomo inaonekana, neno halifiki.
Basi zimebaki selo nane, besi nne,
klarineti nene, filimbi ya alto,
pembe mbili zilizozibwa midomo, kinubi,
na vibrafoni isiyogongwa,
inayokunwa ukingoni kwa upinde wa besi.

Hiyo ndiyo sababu atakayoiandika kwenye programu.
Ni kweli. Ila mezani ipo karatasi nyingine,
mstari uliochorwa na mashine ya hospitali:
unaanza vizuri, unatambaa,
kisha unaporomoka.
Masikio ya baba yake, Feliksas.
Miaka thelathini na mmoja kiwandani, akifuma sufu,
na mitambo ikamla sauti za juu kwanza:
shorewanda, birika linapoanza kuchemka,
herufi s,
kwa hiyo jina la bintiye, lenye s mbili,
humfikia limetobolewa.

Kila chombo amekipima kwa mstari ule.
Pembetatu: hasikii. Toka.
Tarumbeta: anasikia, zinamuuma. Toka.
Viola, tangu uzi mnene: yote.
"Hiyo," mzee alisema, akiwa bado na kijiko mkononi,
"inaongea kama watu walivyokuwa wakiongea."

Jana amemrudisha mmoja. Pikolo.
Noti moja, kipimo cha mwisho, juu kabisa, kwa sauti ya chini.
Rimgaudas haelewi: sasa hiyo ni ya nani?

Feliksas atakaa safu ya tatu na koti lake.
Atamwona mpiga pikolo akivuta pumzi,
ataona shingo za watu mbele yake zikiinuka kidogo.

Skaistė ameiandika noti hiyo, ameifuta,
ameiandika tena.
Karatasi, mahali pale, inaonyesha mwanga.