Manjano Yasiyo ya Mchuzi

Nauza rangi Mwembe Tayari, dukani kwa Hasanali.
Mwaka wa kumi na tisa huu nakorogea kijiti kimoja,
kimenenepa kama mguu wa mtoto
kwa tabaka za kuta za watu.

Swabra Khelef alikuja mara ya kwanza siku ya mvua.
Hakuwa na ukuta. Alitaka kopo dogo.
"Kaingu, nipe manjano yasiyo ya mchuzi."

Nikacheka. Manjano ni manjano, Bi Swabra.

"La. Lugha yetu ina rangi tatu tu za kuzaliwa:
nyeupe, nyeusi, nyekundu.
Hizo nyingine twazikopa jikoni na shambani.
Kijani ni jani, kijivu ni jivu la jana,
kahawia yanuka buni,
zambarau yatia ulimi doa.
Mimi nataka iliyokwisha kulipa deni."

Nikakoroga mpaka adhana ya adhuhuri.
Tone la hii, tone la ile, nikipaka gazetini, nikipuliza.
Hakuridhika. Alilipa hata hivyo.

Picha zile aliziita Fungate, saba, siku kwa siku.
Nilikwenda kuzitazama Kizingo,
viatu nimevipiga brashi, kucha zimenifedhehesha.
Siku ya kwanza yapiga kelele ukutani,
manjano matupu, bibi harusi huoni ila shingo.
Siku ya saba yamebaki kwenye pindo la mto
na chini ya ukucha mmoja.
Pale nilisimama sana.
Bawabu akaniuliza kama nimepotea.

Kisha ukaja mwaka wa amri:
majumba ya mjini yawe meupe, kingo buluu.
Tuliuza mpaka tukauza makopo yaliyobonyea.
Hasanali alinunua gari, mimi nikaongezwa pesa ya chai.
Bi Swabra akapita katikati ya foleni ya mafundi:
"Nipe ile wasiyoitaka."

Nyekundu, makopo thelathini na moja,
vumbi juu yake la kuandikia jina.
Akayachukua kwa mkokoteni, yote,
akachora Kibokoni, Kuze, Mlango wa Papa,
nyumba baada ya nyumba, zote nyekundu,
wekundu wa mtu aliyetafuna tambuu
akaambiwa ateme, akakataa.
Watu walisema anaitukana serikali.
Mimi niliona nyumba ya bibi yake ina dirisha moja wazi
na shuka imeanikwa, nyeupe,
nikajua ile nyeupe hakuinunua kwangu.

Mamake alipofariki nilimtayarishia nyeusi, lita nne,
nikaifuta kopo kwa kitambaa.
Akaitazama. "Nyeusi alikuwa akivaa kwenda sokoni.
Nipe buluu."
Mama yule alifua shuka za hospitali miaka na miaka,
buluu ya unga kaifunga kwenye kipande cha kanga,
akichovya, akikamua, akichovya,
kwani nyeupe bila buluu
ni nyeupe ya uvivu, alisema.
Picha za Beseni hazina mtu.
Maji tu, buluu juu ya buluu, nzito ya kukuzamisha mkono,
na katika moja, kubwa kupita zote,
alama nne za vidole ukingoni.
Sikuuliza za nani.

Juzi amekuja tena. Hakutaka kopo.
"Niuzie kijiti."
Nikamwambia, Bi Swabra, hiki ni mkono wangu.
Akaenda zake bila kukasirika, jambo lililonikera zaidi.

Usiku, duka limefungwa, nikachukua msumeno.
Ndani kina miduara kama gogo.
Nyeupe, buluu, nyeupe, buluu, mwaka wa amri unene wa kidole.
Kipo kijani cha msikiti, kipo kijivu cha benki.
Na huko karibu na mti wenyewe, wembamba wa uzi,
manjano.
Nikayasogeza kwenye taa.
Si ya mchuzi. Si ya kitu chochote.

Nusu moja nimemwekea chini ya kaunta.
Nyingine nakorogea.
Sijamwambia.