Kuhakiki Ramani, Pongwe

Miaka kumi iliyopita tuliiuliza kompyuta:
Pongwe hii, na mkonge wake, itakuja kuwaje?
Tukaipa mteremko, umbali wa lami, idadi ya watu,
picha mbili za setilaiti, ya zamani na ya zamani zaidi.
Ikatafuna usiku kucha. Alfajiri ikatema viraba:
kijani msitu, manjano mkonge, nyekundu nyumba.

Leo nimekuja kusahihisha mtihani.
Jipiesi shingoni, penseli sikioni,
Semhando mbele na panga, anafyeka upupu.

Ofisini wameshatangaza: imepatia asilimia themanini na saba.
Wakapigiana makofi.
Mimi nikaichukua ramani ya kale, sikuigusa kitu,
nikaipima kwa kipimo kilekile:
tisini na moja.
Mvivu aliyesema "kesho ni kama leo"
kamshinda mtabiri.
Kwani ardhi nyingi huamkia pale ilipolala,
na kumsifu mtu kwa kuwa alijua jiwe litabaki jiwe
ni kumpa zawadi ya bure.
Nionyesheni palipogeuka. Hapo ndipo pa kupimia.

Kiraba cha kwanza: nyekundu. Nakuta mkonge,
haujakatwa miaka, milingoti imekwenda juu.
"Hapa pana kesi," anasema Semhando.
"Ndugu watatu, hati moja, mwaka wa tisa huu."
Sikumbuki kama tuliipa kompyuta safu ya ndugu.

Cha pili: nyumba zipo, ila mita mia pembeni,
zimefuata kisima, hazikufuata lami.
Nihesabu kosa? Mwalimu mkali angehesabu.
Natia nusu. Nafuta. Natia tena.

Cha tatu: manjano.
Nakuta ua wa michongoma, bati jipya, kuku,
na Bi Mwanamkasi juu ya mbuzi, anakuna nazi.
Namwonyesha karatasi: hapa, mama, palitakiwa pawe mkonge.
Anaigeuza, anaigeuza tena.
"Kwa hiyo nyumba yangu ni kosa?"
"Kwa ramani, ndiyo."
"Basi liandike vizuri, mwanangu.
Kosa lina vyumba vitatu, choo, umeme,
na sebule bado haijapigwa lipu."

Nimeandika, ukingoni mwa karatasi,
maana fomu haina mahali pa lipu.
Vimebaki viraba mia moja arobaini na sita.
Semhando amechuchumaa kivulini mwa ukuta wa kosa,
ananoa panga.