Majina ya Milango

Ctibor, leo wamenipa nywila yako.
Umeiandika nyuma ya risiti ya bia,
meneja akaitia kwenye bahasha na kuibandika
kama wosia: herufi kumi na nne,
na mwaka aliozaliwa mbwa wako.

Nje theluji imeganda,
baiskeli ya Bohuš imezikwa hadi usukani.
Humu tanuri linanguruma, mwaka wa kumi na moja halijazimwa,
na kioo kinamtoka mdomoni kama shuka lisilo na pindo.
Likipoa, kioo kitamgandia tumboni
na tutalivunja kwa nyundo, tofali kwa tofali.
Ndiyo maana hapa tunazipita nyaya
kama mtu anayepita penye mtoto aliyelala.

Swichi yako ipo palepale, kabati la tatu, nyuma ya meza ya kukatia,
imebanwa kwenye reli ya chuma,
haina feni, haina sauti,
vumbi la mchanga limelala katikati ya mbavu zake.
Zile za dukani, visanduku vya plastiki,
hulipokea neno na kulitangaza nyumba kwa nyumba.
Hii husikiliza kwanza.
Neno la nani? Linakwenda wapi? Lina haraka gani?
Kipimajoto hupita mbele.
Kamera ya getini ingoje,
theluji ya getini haiendi popote.

Nikaingia. Nilitarajia namba.
Nikakuta kila mlango umeupa jina.

Wa kwanza: *Joto la tanuri. Usiguse, hata kama unaniamini.*
Wa pili: *Rola.* Basi, rola tu; siku hiyo ulikuwa na njaa.
Wa tatu: *Kisu. Kikinyamaza, kimbia.*
Wa nne: *Umefungwa. Kebo imeliwa na panya.*
Wa tano: *Mzani wa mchanga. Unadanganya kilo mbili.*
Wa sita sitausema, Bohuš angali hai.
Wa saba: *Njia ya kurudi.*

Wa saba ndio waliokusumbua nao.
Wakaguzi waliuliza kwa nini kebo ya mita mia nne
imezungushwa ukuta mzima, ikarudi ilikoanzia,
na haipitishi kitu.
Ukawaambia: ikipitisha, mduara utafunga,
neno litazunguka, litajizaa, litazunguka tena,
mpaka mtandao wote upaliwe.
Kwa hiyo swichi imeufumba mlango huu makusudi.
Umefumbwa, lakini haujalala.
Waliandika kwenye ripoti: *gharama isiyo na faida.*

Saa nane na dakika arobaini usiku
Radovan, kijana wa mkataba, akageuza foklifti
na uma mmoja ukapita ndani ya mfereji wa nyaya
kati ya kabati la pili na la tatu.
Nilikuwa nimesimama mbele ya kabati, mkate mkononi.
Taa moja ilizimika.
Nikasema "mo—"
na wa saba ukafumbuka.

Maneno yakageuka, yakazunguka ukuta mzima
kwa ile kebo ya mita mia nne.
Kioo hakikujua. Kisu hakikujua.
Bohuš akaita kwenye redio: "Kuna nini huko?"
Radovan alikuwa mweupe kama chokaa.
Nikajibu: "Hakuna. Lete kebo na chai."

Kesho wanaleta mpya, kutoka Brno, na orodha ya majina:
K3-M01, K3-M02, hadi K3-M08.
Nimeziandika zote kama walivyotaka.
Lakini baada ya kila jina nafasi inabaki,
na wao hawasomi hadi mwisho wa mstari.
Nimekunakili neno kwa neno.
Kwenye wa nne nimeongeza: *bado wapo.*
Kwenye wa tano nimekusahihisha:
*kilo tatu sasa.*